Mwalimu Aliyeliogopa Neno "Wao"

Ukimwuliza mtu wa Karuba wa umri wangu habari za Mwalimu, ataanza na masikio yake. Mwalimu alisikia gari kabla ya mbwa kulisikia. Sisi tulikuwa bado tunaona ukungu tu, na ng'ombe wa baba yangu, na moshi wa nyumba za ng'ambo ya bonde. Yeye alikuwa ameshanyamaza katikati ya neno, kidole kimoja juu, uso umegeukia upande wa Mushaki. Kisha mkono wa shati ulipita juu ya ubao, maandishi yakafutika, na papo hapo akaanza kutufundisha hesabu kwa sauti kubwa, kana kwamba tangu asubuhi hatukuwa na kazi nyingine. Baadaye sana ndipo lori la viazi lilipojitokeza kwenye kona, likahema, likapita.

"Imeenda?" aliuliza.

"Imeenda, Mwalimu."

Hakuamini. Alisimama mlangoni mpaka muungurumo wote ukazama bondeni, na hata hapo alirudi kwenye ubao polepole, kama mtu anayeingia nyumbani mwa wengine.

Alikuwa mwalimu wa shule ndogo ya kanisa letu, nyumba ya udongo yenye paa la nyasi. Asubuhi alifundisha watoto kusoma Kiswahili na kuhesabu. Hilo lilijulikana na kila mtu, hata serikali. Mchana, watoto wakishakwenda kuchunga, tulibaki wawili: mimi Ruti, binti wa wafugaji, ambaye tayari nilikuwa nimemkataa mchumba mmoja na kuwakasirisha shangazi zangu wote, na Zakaria, kijana wa wakulima wa Bihambwe, mwenye mikono mikubwa na mwandiko mdogo. Sisi alitufundisha Kiingereza. Hilo halikujulikana, na halikutakiwa kujulikana.

Wajukuu wangu hunishangaa ninapowaambia kwamba tuliogopa Kiingereza. Lakini siku zile Wabelgiji ndio waliotutawala, na lugha ya ofisi ilikuwa Kifaransa. Wakati wa vita vya Wazungu, kule chini msituni upande wa Walikale, watu wa dini iliyokatazwa walikuwa wameinuka dhidi ya serikali. Walipigwa, wakafungwa, wengine wakanyongwa. Ikasemekana kwamba vitabu vya dini ile vilitoka kwenye nchi za Waingereza. Tangu hapo, mtu mweusi kukutwa na ukurasa wa Kiingereza ilitosha kumlaza gerezani huku wakitafuta kosa lake. Na Mwalimu alikuwa mtu wa upande ule ule wa Walikale, tena Kiingereza chake alikipata Uganda, alikofanya kazi miaka mingi katika zahanati. Mambo hayo mawili katika mwili wa mtu mmoja! Hata mtoto aliweza kuona kwa nini alikuwa halali vizuri.

Kwa nini basi alitufundisha? Sikuwahi kumwuliza, nami sasa najilaumu kidogo tu, kwa sababu najua asingenijibu. Najua yangu. Dada yangu mkubwa alikufa akijifungua, juu ya machela, kwenye njia ya kwenda Masisi, mvua ikimnyeshea usoni. Nilikuwa nimeshika mguu mmoja wa machela. Miezi michache baadaye pasta wetu alileta habari kwamba ng'ambo ya mpaka, Uganda, kuna chuo cha wauguzi na wakunga ambacho kingepokea vijana wa kanisa kutoka kwetu, wavulana na wasichana, wakishinda mtihani. Mtihani wenyewe ulikuwa wa Kiingereza. Pasta alitazama huku na huku katika kanisa lote, na macho yake yakaishia kwa Mwalimu, na Mwalimu akainamisha kichwa kama aliyehukumiwa. Jumatatu iliyofuata alianza kutufundisha.

Mtihani ule ulikuwa na sehemu moja iliyowashinda wengi. Unapewa sentensi moja yenye kasoro. Chini yake zinakuja nyingine nne, zinafanana nayo na zinafanana zenyewe kwa zenyewe kama ndama wa zizi moja. Katika hizo nne, moja tu ndiyo safi: haina kosa, haina neno la ziada, na msomaji hawezi kuielewa kwa namna mbili. Uichague uiwekee alama. Mwalimu alikuwa ameuona mtihani wa namna hiyo alipokuwa Uganda, akaubeba kichwani mwake. Hakuwa na kitabu hata kimoja. Kile alichokuwa nacho alikuwa amekichoma mwenyewe zamani, na kila sentensi aliyotuandikia ilitoka kichwani, ikakaa ubaoni muda mfupi, ikafutwa.

Alianza na mafuta, kama alivyoyaita, yaani maneno yaliyoning'inia bila kazi. Aliandika: "The reason why she is crying is because of the fact that the cow is dead." Akatueleza: huyu anasema sababu ya kulia kwake ni kwa sababu ya jambo la kwamba ng'ombe amekufa.

"Zakaria, mwanamuke analia juu ya nini?"

"Juu ng'ombe imekufa, Mwalimu."

"Weye umesema kwa maneno ngapi? Kidogo tu. Na miye nimeelewa?"

"Umeelewa."

"Basi ile ingine yote iko inafanya nini pale? Inakula bure. Futa."

Tukaandika: "She is crying because the cow is dead." Nakumbuka niliitazama sentensi ile na nikaona uchi wake. Ilikuwa fupi kiasi kwamba huzuni yenyewe sasa ilionekana.

Siku nyingine aliandika: "Walking to Mushaki, the rain beat me." Akatuuliza nani alikuwa akitembea kwenda Mushaki. Mimi nikasema ni yule mtu. Akatikisa kichwa, akatufasiria neno kwa neno: ikitembea kwenda Mushaki, mvua ilinipiga.

"Mvua njo inatembea," alisema, yaani mvua ndiyo inayotembea. "Iko na miguu. Imebeba na kikapo yake, inaenda soko."

Zakaria alicheka mpaka akakohoa, na Mwalimu naye akatabasamu, kisha akaweka kiganja mdomoni mwa Zakaria. Tulicheka hivyo siku zile, kwa kiganja mdomoni.

Kitu kilichomsumbua kuliko vyote ni neno moja dogo, "they", ambalo kwetu ni wao. Mafuta alivumilia, mvua yenye miguu alivumilia. Lakini ukiandika "they" bila kuonyesha wazi ni akina nani, rangi yake ilibadilika. Sisemi alikasirika. Aliogopa. Aliliwekea lile neno duara la chaki, akasimama mbele yake.

"They, njo banani?"

"Ni wageni, Mwalimu."

"Wageni ao wenye nyumba? Pale juu umetaja bote wawili."

"Wageni. Inajulikana."

"Inajulikana kwa nani, Ruti? Mwenye kusoma hatakuwa na weye pale pembeni ya kumuuliza. Atachagua yeye mwenyewe. Na kama anakuchukia, atachagua mbaya."

Nilidhani hayo ni maneno ya mwalimu tu. Nilikuja kuelewa siku niliyompelekea maziwa mke wa pasta, Mama Pasta tulivyomwita, nikamlalamikia kwamba Mwalimu amenirudisha mara nyingi kwa neno moja. Aliacha kuchambua maharage.

"Usimuseme vibaya," aliniambia. "Ile neno ilimukulia ndugu."

Akanisimulia. Wakati wa misukosuko ile ya msituni, mdogo wake Mwalimu alikuwa mpagazi wa serikali. Yeye na wapagazi wenzake walipotea porini, wakakutana na watu wa dini, na hao watu wa dini, badala ya kuwaua, wakawaelekeza njia ya kutokea barabarani. Mdogo mtu alimsimulia kaka yake nyumbani. Baadaye askari walimkamata Mwalimu kwa kusikia kwamba alikuwa na kitabu cha Kiingereza, ambacho alikuwa ameshakichoma, wakamwuliza amesikia nini. Alitaka kumsaidia mdogo wake, aonyeshe kwamba hakuwa na hatia, akasema: wapagazi walikutana na watu wa dini, wakawaonyesha njia. Karani akaandika kwamba wapagazi ndio waliowaonyesha watu wa dini njia. Ya kwenda wapi? Kwenye kituo cha serikali, bila shaka. Karani hakuuliza, na Mwalimu hakujua kilichoandikwa mpaka kiliposomwa. Mdogo wake alichukuliwa, na hakurudi.

"Na yeye wakamuachilia," Mama Pasta alisema, "sababu aliwasaidia. Njo vile walimuambia: umetusaidia."

Nilirudi nyumbani na kibuyu kitupu, nikaogopa kila neno lililotoka kinywani mwangu mpaka jioni. Baba aliniuliza kama ng'ombe mwekundu amekunywa maji. Nikafikiri kwanza, kisha nikajibu. Akaniuliza kama naumwa.

Sipendi mtu afikiri kwamba Mwalimu alikuwa kivuli tu cha mtu. Alikuwa na mambo yake. Alipenda viazi vilivyoungua upande mmoja, na akipewa vizuri alivirudisha motoni. Chui alipoingia katika zizi letu, wanaume wakabaki wanapiga kelele kwa mbali, Mwalimu aliingia na kijinga cha moto, akamtoa, kisha akarudi kulala bila kungoja kusifiwa. Kesho yake polisi wa chifu alipita kuuliza habari za chui huyo huyo, na Mwalimu akajificha katika shamba la mbaazi la jirani. Ndivyo alivyokuwa. Mnyama hakumtisha, mtu mwenye kofia alimtisha.

Tena yeye aliyetufutia maneno mchana, Jumapili ndiye aliyekuwa na sala ndefu kuliko wote pale Karuba. Akisimama kuomba, akina mama waliokuwa na watoto mgongoni waliketi. Alizunguka, alirudia, alitaja mvua, mbegu, wagonjwa, mvua tena. Siku moja Zakaria alithubutu kumwuliza kwa nini mbele ya Mungu hachagui sentensi fupi.

"Mungu haina karani," alijibu.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa kabla mvua za Septemba hazijaanza sawasawa, ingawa manyunyu yalikuwa yameshaonekana, na mtihani ulikuwa umekaribia. Pasta alikwisha kutupatia ruhusa za kuvuka mpaka, zilizoandikwa kwamba tunakwenda kwenye mkutano wa kanisa. Mchana ule Mwalimu alitutaka kila mmoja atunge sentensi yake, kisha mwenzake aikosoe. Zakaria aliandika kwenye kibao chake: "They will come before the rains." Alikuwa akiwafikiria wajomba zake, waliokuwa wameahidi kuja Bihambwe kusaidia kulima. Watakuja kabla ya mvua. Sentensi haikuwa na kosa la sarufi, na Zakaria alikuwa na fahari nayo. Mwalimu alikuwa anainua chaki kuzungushia duara lile neno lake.

Mvua ilikuwa imeanza kupiga nyasi za paa. Nadhani ndiyo sababu hakusikia. Gari lilikuwa limeshasimama nje, na mlango umeshafunguliwa, ndipo sote tulipogeuka.

Aliingia kwanza ajenti wa serikali, Mzungu kijana mwenye buti zilizojaa matope, kisha karani wake, mtu wetu mwenye miwani, kisha askari mmoja aliyebaki mlangoni. Mimi nilikuwa kwenye benchi, kibuyu cha maziwa mapajani. Nilichokiona ni mkono wa Mwalimu tu. Ulikwenda kwa Zakaria, ukamnyang'anya kibao. Hakuwa na nafasi ya kukifuta. Alikuwa nacho kifuani, maandishi nje.

Ajenti alikichukua, akasoma. Alijua Kiingereza kidogo, tukaona. Midomo yake ilisogea. Akakisoma tena, halafu akasema Kifaransa kwa muda mrefu, na karani akafasiri.

"Bwana anauliza, nani aliandika hii?"

"Miye," Mwalimu alisema.

"Bwana anauliza, nani watakuja mbele ya mvua?"

Nilihisi Zakaria akitetemeka kwenye benchi. Benchi lote lilitetemeka, na maziwa yakacheza kibuyuni. Sote watatu tulijua maneno yale yanasikikaje. Watu wa dini iliyokatazwa walikuwa wakitabiri kwamba kuna watu watakuja kutoka mbali kuwafukuza Wabelgiji. Ilikuwa rahisi kusema ukweli: ni wajomba, wanakuja kulima. Lakini ajenti angeuliza, wajomba wa nani? Na hapo angekuwa amemfikia Zakaria, na baada ya Zakaria mimi, kisha pasta na zile ruhusa zetu.

Ajenti alinigeukia mimi kwanza. Kwa Kiswahili chake mwenyewe aliniuliza, "Wewe, nafundishwa nini hapa?"

"Nyimbo, Bwana."

"Imba."

Nikasimama nikaimba wimbo wa kanisa, ubeti mmoja, kisha nikaurudia ubeti ule ule kwa sababu wa pili ulinitoka kichwani. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine. Alinitazama mpaka nikamaliza. Akarudi kwa Mwalimu, akagonga kibao kwa ukucha, pale kwenye neno la kwanza.

"Wao nani?"

Mwalimu akavuta pumzi. Kisha nikamsikia, yule mtu aliyekuwa akitufutia maneno, akifungua kinywa na kusema hivi:

"Bwana, wao ni wale wenye walisemwaka na wale ba zamani, kama watafika, lakini wao wenyewe haiko wale, juu wale walikwisha kufika kwao, na wao, kama wangekuwa wao, wangesema na wale wenye walibasema, njo maana nimeandika wao."

Karani aliinua kalamu, akaishusha. "Wale nani?" aliuliza.

"Wale ba wao."

"Wao wa kwanza ao wa pili?"

"Wote ni wale, Bwana karani. Isipokuwa wao."

Karani alijaribu kumfasiria ajenti. Alianza, akasimama, akaanza upya. Jasho lilimtoka juu ya miwani. Ajenti alipiga kelele kwa karani, karani akamwuliza Mwalimu tena, na Mwalimu akajibu tena, ndefu zaidi, na kila jibu lilizaa wengine, wale wa mbele, wale wa nyuma, wale wasio wao. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Alikuwa akitumia kwa makusudi kitu kilichomuua mdogo wake, na nilimwona anavyokishika, kwa woga, kama mtu anayeshika nyoka shingoni.

Mwishowe ajenti alimpiga Mwalimu kofi. Miwani ya karani ndiyo iliyoanguka, kwa kushtuka. Askari akamtoa Mwalimu nje kwenye mvua, akamlaza, akamchapa kiboko mbele ya mlango wa shule. Hakupiga kelele. Mimi na Zakaria tulibaki tumekaa, hakuna aliyetuambia tuondoke wala tukae. Ajenti alikuwa amekata shauri: huyu ni mtu wa akili mbovu, ni wa upande ule wa Walikale, pengine ni wa dini ile, pengine hapana. Hafai kuwa karibu na watoto. Arudishwe kwao, na kila Jumatatu ajionyeshe ofisini.

Walimpandisha nyuma ya gari. Nilitaka atutazame. Alitazama matope.

Mama yake Zakaria alimzuia mwanawe kwenda mtihani siku ile ile. Nilikwenda Bihambwe kumsihi. Alinipokea vizuri, akanipa viazi, akaniambia, "Dada, miye nina mutoto mwanaume mumoja tu. Mwambie pasta atafute mwingine." Zakaria alikuwa nyuma ya nyumba akipasua kuni, na hakuja kunisalimu. Alilima pale maisha yake yote, akazaa watoto wengi, na tulipokutana sokoni Kitshanga tulizungumza habari za ng'ombe.

Nyumbani, baba yangu alisikiliza maelezo yangu yote, akakamua ng'ombe wawili kabla ya kunijibu.

"Enda," alisema. "Lakini ile luga yao, ibakie kule. Hapa usiisemee hata kwa ndoto."

Niliufanya mtihani ule ng'ambo ya mpaka, katika chumba kilichonuka rangi mpya. Katika sehemu ya sentensi nilikuta "they" kadhaa. Kila nilipofika kwenye lile neno nilisikia mvua juu ya nyasi. Niliuliza kimya kimya, wao nani, na nilipata jibu au nikaikataa sentensi. Nilishinda. Pasta alisoma habari hiyo kanisani bila kusema mtihani ulikuwa wa nini, na watu wakapiga makofi wasijue wanapiga kwa ajili ya nani.

Miaka ikapita. Nilirudi nikiwa mkunga, nikafanya kazi sehemu mbalimbali, na karibu na mwisho wa utawala wa Wabelgiji nilipelekwa Walikale kwa muda, katika zahanati iliyokuwa haina mkunga. Kwa sisi watu wa milimani, Walikale ni kama kuingia chini ya meza: joto, miti, na mbingu huioni. Nilianza kuuliza habari za mtu aliyewahi kuwa mwalimu Karuba. Hakuna aliyemjua mwalimu. Mama mmoja niliyemzalisha akasema, "Labda ule muzee wa mafuta ya ngazi, mwenye haisemake," yaani asiyezoea kusema.

Nilimkuta kwenye kambi yake akichemsha ngazi, ambazo ndizo chikichi. Alikuwa amekonda, ndevu nyeupe, kisogo kimejikunja. Nilimwamkia. Alitazama kwanza nyuma yangu, njia nzima, kabla ya kunitazama mimi.

"Mama mukunga," alisema, kama mtu anayemwona mkunga mara ya kwanza.

"Ni miye, Mwalimu. Ruti."

"Hapa hakuna mwalimu." Kisha, taratibu sana: "Umekonda, Ruti. Banakupa chakula?"

Tulikaa. Mkewe, aliyemwoa kule, alituletea ndizi. Mwalimu aliniuliza habari za Zakaria, nikamwambia analima, ana watoto. Alifumba macho kwa muda. Hakuniuliza habari za mtihani, nami nikamwambia bila kuulizwa kwamba nilishinda. Aliitikia kwa kichwa, haraka haraka, kama watu wanaozungumza jambo la hatari, akabadilisha mazungumzo.

Nilipotaka kuaga, alisema kesho ni Jumatatu, ana kazi ofisini. Nikaelewa. Miaka yote hiyo alikuwa akienda kujionyesha. Mkewe aliniambia pembeni kwamba Jumapili jioni huwa hali chakula, na kila Jumatatu humpelekea karani chupa ya mafuta.

"Tutaenda wote," nilimwambia.

Hakutaka. Aliniambia nitajiharibia kazi. Lakini asubuhi nilivaa gauni langu jeupe la zahanati, nikamngojea njiani, akanikuta, na hakuwa na nguvu za kubishana. Tulikwenda. Kadiri tulivyokaribia, hatua zake zilifupika. Mlangoni mwa ofisi alivua kofia, akaiweka chupa yake ya mafuta juu ya meza ya karani, akatoka akasimama nje ukutani, mahali palipokuwa pamechakaa kwa mgongo wa mtu.

Karani alikuwa kijana, mwenye shati safi. Aliponiona alisimama upesi, akaniletea kiti. Nikakataa kiti. Nikamwambia nimemsindikiza mzee, aandike kwamba amefika, tuondoke.

"Niandike wapi, Mama?" aliuliza.

"Pale munaandikaka."

Akamtazama Mwalimu, akaona aibu kidogo, au nilitaka kuona hivyo. Akanivuta kando.

"Ile amri iliisha zamani, Mama. Mbele sijafika hapa. Yule mwenye alinitangulia aliniambia: kuna muzee mumoja anakuja na mafuta kila Jumatatu, umuache. Hajaulizaka. Na sisi hatujamwambia."

Niliangalia chupa ya mafuta juu ya meza yake, nikaichukua, naye hakunizuia. Nikatoka nje nikamshika Mwalimu mkono.

"Imeisha," nilimwambia. "Kitambo sana. Hakuna mwenye anakutafuta. Unaweza kurudi Karuba, unaweza kwenda mahali popote. Unasikia?"

"Nasikia."

"Huna Jumatatu tena."

Alinitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu nifike. Nilidhani atalia, au atacheka. Alivaa kofia yake. Alinishukuru kwa heshima, kama mgonjwa anavyomshukuru mkunga, akapokea chupa yake, tukaachana njia panda.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa kwenye baraza la zahanati, asubuhi, nikichemsha vyombo. Nikamwona anakuja barabarani, amenawa uso, ameshika chupa. Nilitoka mbio nikamfikia.

"Mwalimu, si nilikuambia? Imeisha."

"Nimeelewa vizuri, mutoto yangu," alisema. Aliitazama ofisi, kisha akanitazama mimi, kwa upole. "Minaenda tu waone kama sijakimbia."

Niliacha vyombo motoni. Nilitembea naye mpaka pale, nikasimama kando yake ukutani, mgongo wangu karibu na wake, mpaka alipoona kwamba muda unatosha.